Sura ya Sita: Nani Kapanga Nyimbo Hizi?

Ukiisikiliza santuri ya Ukumbusho ya Mbaraka Mwinshehe mfululizo, pande zote mbili bila kuinuka, utachoka kabla hujafurahi. Wimbo unaanza taratibu, Mbaraka anaeleza yaliyomkuta, waitikiaji wanampokea, gitaa la solo linaingia, mwendo unabadilika, kisha sauti inafifia. Wimbo wa pili nao unafanya vilevile. Ukifika wa nne unajiuliza kama wewe ndiye uliyepungukiwa masikio au yeye ndiye aliyeishiwa mbinu.

Niliisikiliza Kihesa, Iringa, mwezi wa saba, kwenye ile baridi inayowalaza watu na soksi. Nilikuwa nimejiwekea sharti moja: hakuna kuruka wimbo. Nilitaka kuzipitia albamu ambazo watu wa Iringa na Mbeya huzitaja kwa heshima, nizisikilize nzimanzima, halafu niandike nilichokisikia badala ya kile ambacho redio imenizoesha kukisikia. Redio zetu, hata zile za kwetu nyanda za juu, hutupa zilipendwa kwa vipande: ubeti mmoja, kiitikio, mtangazaji anaingia na salamu za mama mkwe wa mtu fulani wa Mafinga, na wimbo unakufa papo hapo. Kizazi changu kinaamini kinamjua Mbaraka. Kinazijua dakika zake mbili za mwanzo.

Ule uchovu una sababu, na Mbaraka hahusiki nao. Nyimbo zile zilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja haubebi zaidi ya dakika chache. Wimbo ukizidi hapo hugawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Ya kwanza ni ya maneno. Ya pili ni chemko, pale maneno yanapokwisha na magitaa yanapoachiwa uwanja. Mtu alinunua santuri moja, akaipiga, akaigeuza, akairudia mpaka jirani akalalamika. Nani alitegemea kukaa na nyimbo za namna hiyo zikifuatana foleni? Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Ukumbusho ilitolewa na Polygram ya Nairobi baada ya hapo, kwani Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri na muziki wetu mwingi ulikwenda kuzaliwa upya kule. Kuna mtu wa ofisini, Nairobi, aliyeketi na orodha ya kazi za marehemu akaamua ipi iifuate ipi. Tangu nilipolifahamu hilo sijaweza tena kuisikiliza albamu yoyote bila kuuliza: nani kapanga?

Basi nikabadili utaratibu, nyimbo mbili kwa jioni moja, na hapo ndipo nilipomsikia mpiga gitaa. Katika nakala niliyo nayo kuna mahali sehemu mbili za wimbo zimeungwa. Sauti inazama kama inavyotakiwa kwisha, kimya kidogo, halafu bendi inaibuka tena ikiwa tayari mbioni. Mshono ule ni mbaya, wa kiwandani, ila sasa naungojea kwa hamu. Baada yake Mbaraka anashika kipande kifupi cha noti, anakirudia, anakirudia tena, kisha anasogeza noti moja tu. Besi halitikisiki. Ridhimu haitikisiki. Noti ile moja iliyohama ndiyo habari yote, na usipokuwa umevumilia marudio yale ya kwanza huwezi kujua kwamba kuna kitu kimehama. "Shida" nimeisikia tangu utotoni kwenye harusi, kwenye mabasi na kwenye vilabu vya ulanzi. Mpaka nilipokaa nayo peke yake ndipo nilipogundua kwamba mwimbaji analalamika na gitaa halilalamiki hata kidogo. Gitaa linajitembelea zake.

Kati ya nyimbo za Mbaraka na Morogoro Jazz kuna mmoja ambao Iringa hausikilizwi kama unavyosikilizwa kwingine. Ni ule wa kumwombolezea Dakta Wilbert Kleruu. Kleruu alikuwa mkuu wa mkoa wa Iringa na mtetezi mkali wa vijiji vya ujamaa. Siku ya Krismasi, 25 Desemba 1971, alikwenda Ismani kwenye shamba la mkulima mkubwa wa mahindi, Saidi Mwamwindi, wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi akamwua. Kisha akaupakia mwili kwenye gari, akaupeleka hadi polisi mjini, akajisalimisha. Alihukumiwa kifo, akanyongwa. Mjini Iringa chuo cha ualimu kinabeba jina la mkuu wa mkoa hadi leo. Jina la mkulima linabebwa na ukoo wake na kumbukumbu za Ismani.

Niliupiga wimbo huo sebuleni kwa mzee mmoja aliyekuwa kijana wakati ule. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe, hakukitia mdomoni mpaka wimbo ulipokwisha. Nilimuuliza anauonaje. "Mwanangu," akasema, "gitaa zuri." Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Santuri ina pande mbili, na huu wimbo umelia kwa upande wa serikali, kama ilivyotarajiwa na bendi ya wakati ule na redio ya wakati ule. Sikuona haja ya kumchokonoa mzee. Ila nilirudi nyumbani nikausikiliza mara nyingine, na safari hii kila sauti ya waitikiaji niliisikia kama ya watu walioitwa msibani na wakajua vema ni maneno gani hayasemwi pale.

Tukiwa bado kwenye Krismasi, siwezi kuipita albamu ambayo nyumba nyingi za Wakristo wa Iringa na Mbeya zimeisikia kuliko ya mwanamuziki yeyote wa Tanzania: nyimbo kumi na mbili za Krismasi za Jim Reeves, iliyotoka Marekani mwaka 1963, mwaka mmoja kabla mwenyewe hajafa kwa ajali ya ndege. Nikiisikiliza yote sioni uchungu wowote wala hatari yoyote. Sauti imelala kitandani. Anaimba theluji, nasi Desemba tuko kwenye mvua na mahindi yanataka palizi. Jalidi yetu ya Kitulo na Makete huja katikati ya mwaka, wakati ambapo hakuna anayemkumbuka Jim Reeves. Bado kila mwaka anarudi, na nadhani nimeelewa kwa nini. Ndiyo albamu pekee katika orodha yangu ambayo watu waliisikiliza nzima siku zote, kwa sababu wali ulikuwa jikoni, wageni hawajafika, na hakuna aliyekuwa na mkono mkavu wa kwenda kuibadili.

Mbeya ni habari nyingine. Iringa ilinifundisha santuri. Mbeya ni mji wa kanda. Mji umekaa njia panda: barabara kuu ya Zambia, reli ya TAZARA iliyofunguliwa 1976, mpaka wa Tunduma upande mmoja na wa Malawi upande wa pili kupitia Tukuyu na Kyela. Muziki uliingia na madereva. Pale Mwanjelwa, soko la zamani lile lililoungua 2006, vibanda vya kurekodi kanda vilikuwa na utaratibu unaoeleweka. Unakwenda na kanda yako tupu, ya dakika sitini au tisini. Unataja unachotaka. Unaambiwa urudi kesho. Kesho yake unakuta nyimbo zako zipo, na nafasi iliyobaki mwishoni mwa upande mwenye kibanda amejaza alichopenda yeye.

Hicho alichojaza ndicho kilichotulea. Kanda moja ninayo mpaka leo. Lebo imeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu "Lucky Dube Prisoner", vile vijino viwili vya juu vimevunjwa ili mtu asije akarekodi juu yake, kisha tundu moja limezibwa kwa karatasi ya sigara, kumaanisha kwamba kuna aliyebadili mawazo. Upande wa kwanza ni Prisoner yenyewe, ya 1989. Upande wa pili albamu inamaliziwa, halafu bila onyo anaingia Franco, kisha wimbo wa Zambia ambao gitaa lake linakwenda kwa kurukaruka na maneno yake siyajui, kisha kwaya, kisha kanda inakatika katikati ya neno. Nimeisikiliza yote kwa sharti langu lile lile. Kwa upande wa Lucky Dube nilijikuta nasikia kitu ambacho ujana wangu haukukisikia: waitikiaji wa kike. Tulikuwa tukimwiga yeye, sauti ya juu ile na rasta zile, na kumbe wale akina dada nyuma yake ndio wanaobeba nyumba. Yeye anauliza, wao wanahukumu. Ukiwaondoa, kinabaki kinanda na malalamiko.

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 iliuita mtindo wa vibanda vile kwa jina lake halisi, yaani wizi, na mwanamuziki aliyekufa maskini hatanielewa nikivisifu. Sivisifu. Nasema tu kwamba mtu yule wa Mwanjelwa aliyemweka Franco nyuma ya Lucky Dube alikuwa mpangaji wa albamu kama yule karani wa Nairobi, na alikuwa na masikio mazuri zaidi. Alijua kanda hiyo itapigwa wapi: kwenye redio kaseti yenye betri zilizoanikwa juani asubuhi ili zipate uhai wa jioni moja zaidi. Alijua mwendo ukipungua mtu ataizima. Hivyo hakuacha upungue.

Remmy Ongala nilimsikiliza njiani. Rafiki yangu mwenye gari alikuwa anatoka Iringa kwenda Uyole, nikamwomba tusizungumze kuanzia Mafinga. Songs for the Poor Man ilitoka mwaka 1989 kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel, na Orchestre Super Matimila ilirekodi huko Uingereza. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na kufikia wakati wa albamu hiyo alikuwa ndiye Dokta, mtu ambaye kituo cha daladala cha Sinza kilichukua jina lake. Albamu ilianza misitu ya misonobari ya Mafinga ikitupita dirishani, ikaisha kabla ya Makambako.

Kitu cha kwanza nilichokisikia ni nafasi. Magitaa matatu, kila moja limewekewa mahali pake, unaweza kulinyooshea kidole. Hili la kulia linakwenda juujuu, la katikati linakata, la kushoto linasema kitu kimoja muda wote kwa ukaidi. Tumba zimekauka vizuri. Sijawahi kuisikia bendi ya Dar es Salaam ikiwa safi namna ile, na usafi huo ulinitia wasiwasi mpaka karibu na Nyororo ndipo nikajua shida iko wapi. Sauti ya Remmy imewekwa sawa na magitaa. Kwenye rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam sauti ya mwimbaji iko mbele, inakaribia kukutemea mate, maana msikilizaji wa RTD alitega sikio kwa ajili ya maneno na kesho yake yangejadiliwa kwenye foleni ya duka la kaya. Mnunuzi wa Uingereza hakujua Kiswahili. Kwake Remmy ni ala ya nne. Fundi wa mitambo kampanga kulingana na mnunuzi.

Jambo la ajabu ni kwamba Remmy hakubali. "Kipenda Roho" inapofika, anaanza kusema badala ya kuimba, anavuta maneno, anayarudisha, anahubiri, na ule mpangilio wa kistaarabu wa fundi unaanza kuyumba. Rafiki yangu, ambaye tulikubaliana asiongee, aligonga usukani akasema, "Huyu mzee ni mchungaji kabla ya kuokoka." Kweli baadaye aliokoka, akaimba injili mpaka alipofariki Desemba 2010. "Karola" ilipigwa mara mbili kwa kura ya watu wawili. Sharti langu lilisema hakuna kuruka. Halikusema chochote kuhusu kurudia.

Jina la albamu linanikera hata sasa. Nyimbo za mnyonge, zimeuzwa kwa bei ambayo mnyonge wa Manzese asingeweza kuilipa, kwenye diski ambayo hakuwa na mashine ya kuipigia. Najua Remmy hakuwa na njia nyingine ya kulipwa vizuri, na sina ugomvi naye. Albamu iliyofuata, Mambo ya 1992, ina nyimbo kadhaa za Kiingereza na hiyo niliimaliza kwa adabu tu. Remmy wa Kiswahili ana mafumbo, kejeli, na ile tabia ya kuanza na msiba na kumaliza na kicheko. Remmy wa Kiingereza ana kauli. Wimbo uitwao "Mrema", jina la waziri aliyekuwa gumzo la nchi wakati ule, ndio uliorudisha damu usoni mwangu, maana pale anaongea na watu wanaomjua anayemsema.

Kuhusu Mlimani Park nitapita haraka, kwani sura iliyotangulia ilikuwa yao. Albamu yao inayojulikana zaidi nje, Sikinde, ilikusanywa na Africassette ya Detroit, Marekani, mwaka 1994, kutoka rekodi za RTD. Ni kazi ya mtu mwenye mapenzi, na mpangilio wake hauna kosa ninaloweza kulionyesha. Bitchuka anapanda, Gurumo anamshusha, tarumbeta na saksafoni zinafunga mlango. Labda ndiyo sababu inanichosha mapema: kila wimbo ni kibao. Bendi iliyopiga ukumbini usiku kucha ilikuwa pia na nyimbo za kupumzisha miguu, nyimbo za kawaida ambazo zikipigwa watu waliendea baa. Mkusanyaji hawezi kuzichagua hizo, na bila hizo vibao havina pa kuegemea.

Albamu kongwe kuliko zote nilizosikiliza haikukusudiwa kuwa albamu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, na miongoni mwa alivyovichukua ni ligombo la Wahehe: ubao uliochimbwa, uzi umepitishwa juu yake mara kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Rekodi hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954, na zilitolewa upya kwenye diski miongo mingi baadaye. Ligombo lina sauti ndogo. Inabidi uzime friji. Mwimbaji anaimba chini, karibu anajisemea, na nyuzi zinamjibu kwa mzunguko mmoja usiokwisha, lakini ghafla umekwisha, kwa sababu Tracey alirekodi vipande vya kutosha diski za wakati ule.

Nilikwenda nazo Kalenga kwenye simu yangu. Baada ya kamwene na maulizo ya nyumbani, mzee mmoja alichukua vile vya kuweka masikioni, akavigeuza, akavirudisha, akaomba tuweke kwenye spika ili na wenzake wasikie. Kipande cha kwanza kilipokatika alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani. "Wamemkata," akasema. Nikamweleza habari za diski na muda. Akanisikiliza kwa heshima, halafu akawageukia wenzake na kuwaambia kwa Kihehe jambo lililowachekesha wote, na mmoja wao akanifasiria: mgeni alitaka kuonja, si kula. Waliendelea kutoka pale kipande kilipoishia. Wawili kati yao waliujua ule mzunguko, wakaubeba kwa midomo, na waliimba kwa muda mrefu kuliko rekodi yenyewe. Kama kuna chemko ya ligombo, niliisikia pale, na haimo kwenye diski yoyote.

Narudi Mbeya kwa ajili ya mchanaji Joseph Mbilinyi, yaani Mr. II au Sugu. Alipotoa Niite Mr. II mwaka 1998, mimi na wenzangu tuliijua "Hali Halisi" kwa moyo na kidogo sana kingine. Nimeisikiliza sasa nikiwa mtu mzima, mchana, Sokomatola, kwenye mgahawa ambao mwenyewe alikubali nitumie spika yake kwa masharti kwamba nisipandishe sauti. Kinanda chembamba, ngoma za mashine zimekaa kama zilivyotoka dukani. Kilicho kizito ni kutokuwa na haraka. Wachanaji waliomfuata wanakimbiza maneno ili kuonyesha ufundi, huyu anayatua. Anatamka kila silabi kama anayesoma tangazo la kijiji, na kwa sababu hiyo tangazo linafika.

Shida ni kwamba Mbeya hakuna anayeweza kuisikiliza kanda hiyo kama ya 1998. Sugu alikuwa mbunge wa mji huu kuanzia 2010 hadi 2020. Februari 2018 mahakama ya hapa ilimhukumu kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema jukwaani, akatoka Mei. Mhudumu aliyekuwa anafuta meza, binti ambaye 1998 alikuwa hajazaliwa, alisikiliza beti mbili akaniuliza, "Huu ameutoa baada ya kutoka ndani?" Nilimwambia ni wa zamani, kabla ya ubunge, kabla ya yote. Hakuniamini, na nikimwangalia kwa upande wake sioni kwa nini aniamini.

Binti huyohuyo alinionyesha simu yake. Kijana mwingine wa Mbeya, Rayvanny, alitoa Sound from Africa mwaka 2021, albamu ndefu, na yeye alikuwa amezipakua tatu tu na kuziweka kwenye orodha yake pamoja na za injili na Amapiano. Nilimwuliza kama amewahi kuisikiliza yote. "Yote ya nini, baba?" Nikacheka, maana mtu wa kibanda cha Mwanjelwa angempa kazi.

Kimebaki kile nilichokitaka tangu mwanzo wa utafutaji huu na ambacho sikukipata. Iringa ilikuwa na bendi yake kubwa. Tancut lilikuwa shirika la umma la kukata almasi, na kiwanda chake kilikuwa Iringa mjini. Miaka ya themanini, wakati kila shirika lenye heshima lilikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Shirika la Bima, jumuiya ya wafanyakazi na ya vijana, almasi nazo zilipata ya kwao: Tancut Almasi Orchestra. Mbele yao walisimama mapacha wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Ilikuwa bendi ya mikoani, na bado ilizitikisa bendi za Dar es Salaam kwa wimbo kama "Masafa Marefu".

Niliyo nayo ya Tancut ni mabaki: kanda mbili za kurekodiwa redioni, moja ikiwa na mkwaruzo wa hedi chafu, na mafaili ya simu ambayo watu wametumiana mpaka yamechujuka. Nimeyasikiliza zaidi kuliko albamu zote nilizozitaja. Sauti za mapacha zinafanya jambo ambalo sijalisikia kwingine nchini. Waimbaji wawili wa kawaida wakiimba pamoja, sikio linagundua nani yuko juu na nani yuko chini. Hawa wanabadilishana katikati ya mstari, na hujui ni nani aliyeacha na nani aliyepokea mpaka mmoja avute pumzi. Kwenye kanda yangu pumzi hiyo inasikika, kwa sababu bendi ilipiga yote kwa pamoja studio na hakukuwa na njia ya kuifuta baadaye. Ikija nakala iliyosafishwa na mashine za siku hizi wataifuta, nami nitabaki na kanda yangu chafu.

Kama kuna mtu mwenye funguo za maktaba ya ile redio ya taifa na mwenye pesa ya santuri, mpangilio wangu uko tayari. Upande wa kwanza uanze na "Nimemkaribisha Nyoka", kwa kuwa unaanza na malalamiko na Iringa ni mji unaopenda malalamiko yenye adabu. "Masafa Marefu" usiwekwe mwanzoni hata kama ndio unaouza. Ufungue upande wa pili, msikilizaji akiwa ameshaketi. Uwemo angalau wimbo mmoja wa kawaida, usiojulikana, wa kupumzisha miguu. Chemko zisikatwe. Nafasi isipotosha, zibaki nyimbo tatu kila upande na wa nne uachwe.